Nani alimficha Jimmy Scott?

Swali: Shikamoo mwalimu. Rafiki yangu alinitumia wimbo "All the Way" ulioimbwa na Jimmy Scott. Nilidhani anayeimba ni mama mtu mzima, kumbe ni mwanamume. Nikatafuta habari zake, nikakuta kwamba kwa miaka mingi alikuwa akifanya kazi hotelini na hospitalini mjini Cleveland. Mtu mwenye sauti kama ile anapoteaje? Ni sauti yenyewe iliyowashinda watu, au kuna jambo jingine? Na mimi nianzie wapi kumsikiliza?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo wengi hulijibu haraka mno. Husema alikuwa na sauti ya ajabu, dunia haikuwa tayari, basi. Sauti kweli ilikuwa na mchango wake, na nitaieleza. Lakini ukifuata santuri zake moja baada ya nyingine, unakuta watu walimsikia na kumpenda tangu mwanzo. Kilichomficha zaidi ni karatasi: santuri zilizotoka bila jina lake, na mkataba wa miaka ya 1950 uliomfuata karibu miaka 20.

Jina lake kamili ni James Victor Scott. Alizaliwa Cleveland, Ohio, tarehe 17 Julai 1925, wa tatu kati ya watoto kumi. Mama yake, Justine, alipiga piano kanisani, na Jimmy alianzia kuimba huko. Alipokuwa na miaka 13, mama aligongwa na gari akafariki, na watoto wakatawanywa kwenye nyumba za walezi. Mwenyewe alilirudia jambo hilo maisha yake yote kila alipoulizwa kwa nini anachagua nyimbo za huzuni. Mimi namwamini. Msikilize akiimba "Sometimes I Feel Like a Motherless Child" katika santuri ya The Source, utaelewa kwamba hapo hakuna maigizo.

Sasa sauti. Jimmy alizaliwa na hali ya kurithi inayoitwa Kallmann. Ubongo wa mtu mwenye hali hiyo hautoi ile ishara ya homoni inayoanzisha balehe. Kwa mvulana maana yake ni kwamba zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni, halikui, nyuzi za sauti zinabaki fupi, na sauti haivunjiki. Urefu wake pia uligota kwenye futi 4 na inchi 11, yaani kama sentimita 150, mpaka alipofika miaka 37, ndipo akarefuka ghafla hadi futi 5 na inchi 7. Jina la "Little Jimmy Scott" alipewa na Lionel Hampton, kiongozi wa bendi aliyemwajiri mwaka 1948. Kabla ya hapo alikuwa akizunguka na kundi la burudani la mcheza dansi Estella Young, aliyejulikana kwa jina la Caldonia.

Hapa wanafunzi wangu huchanganya mambo mawili, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wanaume wengi wakitaka kufika juu hupanda kwenye sauti ya kichwani, ambayo ni nyembamba na haina uzito. Jimmy hakufanya hivyo. Ile ndiyo sauti aliyoongea nayo, inatoka kifuani, ina nyuzi fupi za mtoto lakini inasukumwa na mapafu na akili ya mtu mzima aliyekwishaishi. Ndiyo maana ukamdhania mama. Hukukosea sikio, upeo wake ni ule wa mwanamke mwenye sauti ya chini. Ila msikilize anapomalizia mistari: mtetemo wake ni mpana, unachelewa kuanza, na unakuja wakati ambapo waimbaji wengi wangekuwa wamekwishaiacha noti.

Lakini ningekuwa na nafasi ya kukufundisha jambo moja tu juu yake, nisingekufundisha habari ya juu na chini. Ningekufundisha habari ya wakati. Jimmy Scott anakaa nyuma ya mapigo kuliko mwimbaji yeyote wa jazz ninayemjua. Chukua huo huo "All the Way" uliotumiwa. Besi anapiga Ron Carter, piano ni Kenny Barron. Piga mguu kufuata besi, usimfuate mwimbaji. Utaona bendi inaingia kwenye kodi mpya, yaani fungu jipya la noti zinazopigwa pamoja, na yeye bado yuko kwenye neno la zamani. Neno linalofuata linakuja pigo moja baadaye, wakati mwingine zaidi. Kila mara unadhani amepotea, na kila mara anafika mwisho wa mstari pamoja na wenzake. Neno moja analikata katikati, anavuta pumzi mahali ambapo mwalimu wa kwaya angempiga marufuku kuvuta, kisha analimalizia. Matokeo yake ni kwamba wimbo ambao umeshausikia mara nyingi unausikia kama mtu anayetafuta la kusema hapo hapo mbele yako.

Kufanya hivyo ni kazi ngumu sana. Mwimbaji anayechelewa bila saa kichwani anaivuruga bendi, wapigaji wanaanza kumsubiri, na wimbo unazama. Jimmy alibeba mapigo yote kichwani huku akiyaacha yapite. Mwimbaji Nancy Wilson alijifunza kwake na hakuwahi kuficha. Marvin Gaye na Frankie Valli nao walimtaja miongoni mwa waliowaathiri. Kwa hiyo hata watu ambao hawajawahi kusikia jina lake wamesikia kivuli chake redioni.

Turudi kwenye karatasi.

Mwezi Desemba 1949 bendi ya Hampton ilirekodi "Everybody's Somebody's Fool" kwa kampuni ya Decca, mwimbaji akiwa Jimmy. Mwaka 1950 wimbo ulipanda hadi kumi bora za chati ya muziki wa ridhimu na bluzi. Wimbo uliuzwa kwa jina la Hampton pamoja na neno la jumla la waimbaji. Jina la Jimmy Scott halikuwamo. Huo ndio utaratibu wa bendi kubwa wakati ule: kiongozi ndiye aliyekuwa bidhaa, mwimbaji alikuwa mwajiriwa kama mpiga tarumbeta wa tatu. Wengine waliumia kidogo tu na utaratibu huo, kwa sababu sura na sauti zao zilitambulika. Kwa Jimmy uliuma zaidi, maana msikilizaji asiyeona jina alikisia kwamba ni mwanamke, na mtu akikisia hivyo hawezi kumtafuta. Michael Jackson aliurudia wimbo huo katika albamu yake ya Ben mwaka 1972, akiwa bado na sauti ya kitoto. Nina hakika wengi walioununua hawakujua kwamba aliyeufanya upendwe kwa mara ya kwanza alikuwa hai Cleveland.

Mwaka huo huo wa 1950 Jimmy alisimama na mpiga saksafoni Charlie Parker katika klabu ya Birdland, New York, akaimba "Embraceable You". Kinasa sauti kilikuwa kikizunguka. Waliokuwa jukwaani usiku ule ni vigogo: Parker mwenyewe, Fats Navarro kwenye tarumbeta, Bud Powell kwenye piano. Rekodi ilipokuja kutolewa kama albamu, One Night in Birdland, aliyeandikwa kuwa mwimbaji ni Chubby Newsome, ambaye ni mwanamke na mwimbaji mwingine kabisa. Fikiria uzito wa jambo hilo. Kuimba na Parker ni cheti ambacho mwimbaji wa jazz angekionyesha maisha yake yote, na cheti cha Jimmy kiliandikwa jina la mtu mwingine.

Mwaka 1955 akaingia Savoy, kampuni ya Newark iliyomilikiwa na Herman Lubinsky. Lubinsky alikuwa na sikio, hilo haliwezi kubishaniwa, maana alirekodi wanamuziki wakubwa mno. Pia alijulikana kote kwa ubahili na kwa mikataba migumu. Mikataba ya kampuni ndogo za wakati ule, kwa wasanii weusi hasa, ilikuwa na sura inayofanana: unalipwa kidogo siku ya kurekodi, gharama za studio zinaandikwa kama deni lako, na mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, unakuja baada ya deni kuisha. Deni haliishi, kwa sababu anayetunza daftari ni yule yule anayekudai. Juu ya hapo kampuni inabaki na haki ya kukuzuia kurekodi kwingine. Jimmy aliimba vizuri pale Savoy, akapita pia kampuni ya King kuanzia mwaka 1957, lakini hakuna kilichotoka kwa nguvu. Zama zenyewe zilikuwa zimegeuka. Rokenroli ilikuwa imechukua redio, na yeye aliimba taratibu kuliko watu wote.

Halafu ikaja Tangerine. Ray Charles alianzisha kampuni yake mwaka 1962, na mmoja wa watu wa kwanza aliowataka ni Jimmy Scott. Alimpeleka studio, akawapa Marty Paich na Gerald Wilson kazi ya kupanga muziki wa vinanda vya nyuzi, na yeye mwenyewe Ray akakaa kwenye piano. Ray Charles, nyota wa kiwango kile, amekaa pembeni akimsindikiza mtu mwingine kwa noti chache na za adabu. Albamu iliitwa Falling in Love Is Wonderful. Nyimbo ni kumi, zote za taratibu, hakuna hata moja ya kuchangamsha ukumbi, na hicho ndicho kilichokuwa sahihi kwa Jimmy. Mpaka leo naiona kuwa moja ya albamu bora za nyimbo za mapenzi zilizorekodiwa Marekani, ya mwimbaji yeyote.

Ilikaa madukani muda mfupi sana. Lubinsky alidai kwamba Jimmy bado ni mali ya Savoy, akatishia mahakama, na albamu ikaondolewa. Haikurudi sokoni rasmi mpaka mwaka 2003, miaka 40 baadaye, kwa toleo la nakala chache. Kati ya hapo zile santuri chache zilizonusurika zilikuwa zikiuzwa kwa bei za watoza vitu adimu. Hata jaladani hakuwamo: waliwekwa mwanamume na mwanamke wasiohusika, wamejipumzisha karibu na moto.

Unaweza kuuliza kwa nini Ray Charles hakupigana. Kampuni yake ilikuwa changa, na kesi ya mkataba huchukua miaka na fedha kwa ajili ya albamu moja. Mdai halazimiki kushinda. Inatosha kutishia, na biashara ya upande wa pili inahesabu hasara na kunyamaza. Anayebaki na jeraha ni mwimbaji.

Mwaka 1969 likajirudia jambo lile lile. Joel Dorn, mtayarishaji wa kampuni ya Atlantic, alimrudisha studio wakarekodi The Source. Lubinsky akaibuka tena na madai yake, na albamu ikaachwa ikafa bila kutangazwa. Jaladani safari hii iliwekwa sura ya msichana. Kwa mtu ambaye tangu utotoni alikuwa akidhihakiwa kuwa si mwanamume kamili, sijui kama kuna tusi la kimyakimya kubwa kuliko hilo.

Lubinsky alifariki mwaka 1974. Mwaka uliofuata Jimmy alitoa albamu moja chini ya jina la Savoy, haikwenda popote, na hapo studio zikamsahau kabisa. Zile kazi ulizosoma ni za kipindi hiki na cha kabla yake kidogo: mhudumu wa wagonjwa hospitalini, karani wa mizigo katika hoteli ya Sheraton. Watu husimulia sehemu hii kwa huruma, na mimi huwa naomba wapunguze kidogo. Zilikuwa kazi halali, na alizifanya akiwa na familia yake karibu. Kisichovumilika ni sababu iliyompeleka huko, kwamba hakuwa na ruhusa ya kuuza sauti yake mwenyewe.

Na hapa napingana na hadithi inayopendwa sana, ile ya kwamba aliokolewa na watu mashuhuri miaka ya 1990. Jimmy alirudi jukwaani mwaka 1985, baada ya kituo cha redio cha Newark, WBGO, kumhoji na kupiga santuri zake. Waliokuja kumsikiliza kwenye vilabu vya New Jersey na New York walikuwa watu waliomjua tangu enzi za Hampton, wafanyakazi wa kawaida, weusi, waliokuwa na santuri zake nyumbani na kuzijua neno kwa neno. Hao hawakuwahi kumsahau. Tunaposema mwimbaji fulani alisahaulika, tuwe tunaangalia ni kumbukumbu ya nani tunayoihesabu.

Rafiki yake mkubwa katika kipindi hicho alikuwa Doc Pomus, mtunzi wa nyimbo aliyetembelea kiti cha magurudumu kwa sababu ya polio, na ambaye nyimbo zake zilikuwa zimeuza mamilioni. Doc aliwabembeleza wenye kampuni, akaandika hata barua ya wazi katika jarida la Billboard akiuliza kwa nini hakuna anayempa huyu mtu mkataba. Hawakumsikia. Doc alifariki Machi 1991. Jimmy akaimba msibani kwake "Someone to Watch Over Me", na miongoni mwa waombolezaji alikuwamo Seymour Stein, mkuu wa Sire Records. Stein akampa mkataba. Barua haikufanya kazi, msiba ukafanya. Mwanamuziki wa roki Lou Reed naye, aliyekuwa rafiki wa Doc, alimwalika kwenye albamu yake ya Magic and Loss. Mwaka huo huo Jimmy alionekana kwenye televisheni katika sehemu ya mwisho ya msimu wa pili wa tamthilia ya Twin Peaks, akiimba "Sycamore Trees".

All the Way ilitoka 1992 chini ya mtayarishaji Tommy LiPuma, ikateuliwa kuwania Grammy. Jimmy alikuwa na miaka 67. Kuanzia hapo alirekodi kwa bidii ya mtu anayefidia: Dream, Heaven, kisha Holding Back the Years mwaka 1998, ambako alichukua nyimbo za vijana, "Nothing Compares 2 U" ya Prince ikiwamo, akazipunguza mwendo mpaka zikawa zake. Mwaka 2007 taifa la Marekani lilimpa heshima ya NEA Jazz Masters, inayotolewa na mfuko wa taifa wa sanaa, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa wanamuziki wa jazz kule. Alifariki Las Vegas tarehe 12 Juni 2014, akiwa na miaka 88.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: sauti yake haikuwashinda watu. Iliwapa wenye kampuni kisingizio cha kutomweka jaladani na cha kutojua waiweke santuri yake kwenye rafu gani, ya jazz au ya ridhimu na bluzi. Mwimbaji mwenye mkataba safi angeweza kukivuka kisingizio hicho kwa albamu mbili tatu nzuri. Jimmy alizirekodi hizo albamu, zikazuiwa.

Sasa kusikiliza. Usianze na mikusanyo ya Savoy, ingawa ndiyo rahisi kuipata. Mipango ya muziki pale ni ya haraka haraka na itakufanya udhani ni mwimbaji wa kawaida mwenye sauti isiyo ya kawaida. Umeanza na All the Way, kaa nayo kwanza. Kisha tafuta Falling in Love Is Wonderful, na hapa nikupe zoezi: "Someone to Watch Over Me" imo katika albamu zote mbili. Sikiliza ile ya 1962, halafu ya 1992, siku moja, bila kuweka kitu kingine katikati. Ya kwanza ina sauti safi, noti ndefu zinasimama wima. Ya pili sauti imekwaruzika, pumzi ni fupi, na kwa sababu pumzi ni fupi amelazimika kuamua ni maneno gani yanayostahili kuvutwa. Wengi huchagua ya kwanza. Mimi nachagua ya pili, kwa ajili ya maamuzi hayo.

The Source iache mpaka sikio lako limzoee, maana baadhi ya mipango yake ni mizito na inaweza kukuficha mwimbaji. Ukifika hapo, "Day by Day" na "Unchained Melody" ndizo za kukaa nazo. Mwisho tafuta ile rekodi ya Birdland ya 1950, upate kumsikia kijana wa miaka 24 akichelewesha mapigo mbele ya Bud Powell bila hofu, kisha uiweke pamoja na "Embraceable You" aliyoirekodi upya katika All the Way. Ukikuta nakala ambayo bado imeandikwa Chubby Newsome, usidhani umepewa rekodi isiyo yake. Ni Jimmy huyo, iweke kwenye simu yako kwa jina lake.